Kozi Aliyoichagua Joy

Wabuge ni msimamizi wa mafundi katika kiwanda kimoja cha unga mjini Eldoret. Alitoka Bungoma akiwa kijana, akaanza kazi hapo kwa kubeba magunia. Kidogo kidogo alijifunza mashine. Sasa amemaliza miaka ishirini na miwili. Mashine ikinguruma vibaya, yeye ndiye huitwa kwanza.

Mke wake ni Leonida Mideva. Yeye huuza mboga mtaani Langas, wanakoishi. Huuza sukuma, managu na saga. Watu humwita Mama Joy, kwa sababu kifungua mimba wake ni Joy Nasike. Baada ya Joy kuna wadogo wawili.

Joy ana miaka kumi na tisa. Tangu utotoni alipenda kumsikiliza baba yake akisimulia habari za kiwanda. Wabuge alieleza jinsi mahindi yanavyosagwa kati ya roli mbili za chuma. Alieleza jinsi beringi ikikosa grisi inavyopata moto na kuharibika. Wadogo wa Joy walisinzia. Joy hakusinzia, bali aliuliza maswali. Kwa nini roli moja inazunguka haraka kuliko nyingine? Nani aliamua iwe hivyo? Wabuge alipenda maswali hayo. Alichovya kidole kwenye maji, akamchorea roli juu ya meza.

Kwa hiyo Joy alipofika sekondari, fizikia haikumtisha. Hesabu na kemia alizipenda pia. Alifanya mtihani wa Kidato cha Nne, akapita vizuri. Wakati wa kuomba nafasi ya chuo ulipofika, aliandika uhandisi wa mitambo kuwa chaguo lake la kwanza. Baba yake hakumuuliza ameandika nini. Alidhani ni ualimu, kama binamu zake.

Jibu lilikuja siku ya Alhamisi, kwenye simu. Joy alikuwa akimsaidia mama yake kufunga sukuma. Alisoma ujumbe mara mbili, kisha akampa mama simu. Mama Joy alipangusa mikono kwa leso, akasoma polepole. Joy alikuwa amepata nafasi ya kusomea uhandisi wa mitambo katika chuo kikuu kilicho upande wa Kesses. Mama Joy alimkumbatia binti yake pale pale barabarani, na mteja aliyekuwa akisubiri managu akawapongeza wote wawili.

Wabuge aliporudi kutoka kazini, walimpa habari. Walitarajia afurahi. Yeye alikaa, akafungua viatu vyake taratibu.

"Hiyo si kazi ya msichana," alisema mwishowe. "Tutabadilisha. Ualimu ni mzuri."

Mama Joy alishangaa. Alimkumbusha kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mtoto habari za mashine. Wabuge alijibu kwamba yeye alikuwa anapiga hadithi tu. Joy alijaribu kueleza kwa heshima kwamba hii ndiyo kozi aliyoitaka, na kwamba alama zake zinatosha. Baba yake hakubishana, lakini hakukubali pia. Alisema amechoka, akaingia kulala.

Siku mbili nyumba ilikuwa baridi. Joy alijibu alipoulizwa tu. Mama Joy alikuwa katikati, hajui amuunge mkono nani. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwona mwanamke injinia akiwa kazini. Alijiuliza moyoni kama mume wake anajua jambo ambalo yeye halijui.

Jumamosi, Wabuge alitoka kazini mapema. Alipitia saiba moja mjini, duka la huduma za intaneti karibu na soko. Mfukoni alikuwa na karatasi yenye namba ya mtihani ya Joy na neno lake la siri la akaunti ya maombi ya chuo. Alikuwa ameyanakili kutoka daftari la Joy bila kumwambia. Alimwomba kijana wa saiba amsaidie kutuma ombi la kuhama kozi, kutoka uhandisi kwenda ualimu katika chuo kingine. Kijana aliuliza kama mwanafunzi mwenyewe anajua. Wabuge alisema anajua. Ombi likatumwa.

Alipotoka nje, hakuhisi raha aliyoitarajia. Alinunua mkate, akarudi nyumbani. Hakumwambia mtu.

Siku hiyo hiyo, Mama Joy alikuwa amekwenda kutafuta ushauri. Katika ploti ya nyumba za kupanga, ya pili kutoka kwao, alikaa mwanamke aliyeitwa Christabel Omollo. Alitoka Siaya, naye alikuwa amehamia Langas mwaka uliotangulia. Asubuhi alitoka na buti na kofia ngumu, akachukuliwa na gari la kazi. Wapangaji walimwita Injinia, lakini Mama Joy hakuwahi kumuuliza anafanya nini hasa. Alipomuuliza sasa, Christabel alimwambia kwamba yeye husimamia pampu zinazosukuma maji ya mji. Pampu ikizimika, mitaa mizima hukosa maji. Kazi yake ni kuhakikisha haizimiki, na ikizimika, iwake haraka.

Mama Joy alimwomba aje nyumbani kesho yake baada ya kanisa, azungumze na mzee. Christabel alikubali.

Jumapili walikaa wanne sebuleni: Wabuge, Mama Joy, Joy na mgeni wao. Kulikuwa na chai na ndizi za kuchemsha. Wabuge alimpokea mgeni vizuri. Alimuuliza habari za pampu, na kwa dakika chache wakazungumza kama mafundi wawili. Wote wawili walijua sauti ya beringi inayokaribia kufa. Joy aliwatazama.

Kisha Mama Joy akauliza lililomsumbua. "Injinia, niambie ukweli. Msichana akienda kusomea mitambo, anakutana na nini?"

Christabel aliweka kikombe chini. Alisema atawaambia mazuri na mabaya.

Alipoanza chuo, darasa lao lilikuwa na watu hamsini na wawili. Wasichana walikuwa watatu. Mmoja aliacha mwaka wa pili. Si kwamba alishindwa na masomo. Aliacha kwa sababu ya upweke. Siku hizi mambo yamebadilika, Christabel alisema, ingawa wavulana bado ni wengi. Mwaka huu amepokea wanafunzi wanane waliokuja kujifunza kazi kwenye pampu. Wasichana ni wanne. Mmoja wao ni mama wa watoto wawili, aliyerudi shule akiwa na miaka thelathini. Katika wale wavulana, mmoja anatoka Moi's Bridge na anatembea kwa magongo. Hesabu zake za mabomba ndizo Christabel huzitegemea.

"Zamani watu walijua injinia anafanana vipi," alisema. "Siku hizi huwezi kujua kwa kumtazama. Lazima umuulize amesomea nini."

Alieleza pia kwamba kazi si ya misuli. Mzigo mzito huinuliwa kwa mashine, hata mwanamume mwenye nguvu hauinui kwa mikono. Kinachohitajika ni kujua hesabu, kuwa makini, na kutoogopa kuuliza. Alimwambia Joy ahakikishe kozi yake imetambuliwa na bodi inayosajili wahandisi, kwa sababu bila hivyo atapata shida akimaliza. Alimwambia atafute wasichana wenzake mapema na wasome pamoja, asikae peke yake kama yule mwenzao aliyeacha.

"Na mabaya?" aliuliza Mama Joy.

"Mabaya ni kwenye atachimenti," alisema Christabel. Alieleza kwamba atachimenti ni miezi ile ambayo mwanafunzi hupelekwa kiwandani au ofisini kujifunza kazi yenyewe. "Kuna mahali msichana akifika, anapewa sufuria. Anapika chai miezi mitatu. Mvulana waliyekuja naye anafungua mashine. Wakirudi chuoni, mmoja ana ujuzi na mwingine hana. Halafu watu wanasema wasichana hawajui mashine."

Alisema kuna dawa yake. Mwanafunzi hupewa kitabu cha kuandika kazi aliyofanya kila siku. Akipewa chai, aandike chai. Mhadhiri wake akija kumkagua, amwonyeshe. Asinyamaze.

Wabuge alisimama. Alitoka nje, akasimama karibu na bomba la maji. Mama Joy alitaka kumfuata, lakini Christabel alimwambia amwache kwanza. Baada ya muda Wabuge alirudi, akakaa, akaweka mikono yake juu ya magoti.

"Mimi ndiye huyo mtu," alisema.

Wabuge aliendelea. Miaka sita iliyopita, kiwanda kilipokea wanafunzi wawili wa uhandisi. Mmoja alikuwa mvulana. Mwingine alikuwa msichana aliyeitwa Lorraine. Wabuge alimchukua mvulana, akamfundisha roli, mikanda na mota. Lakini akampa Lorraine kazi ya kupika chai ya mafundi na kuandika idadi ya magunia. Msichana aliomba mara nyingi aone roli zikifunguliwa. Wabuge alimwambia mashine haitaki sketi, na mafundi wakacheka. Siku ya mwisho Lorraine alimletea kitabu chake cha kazi. Wabuge alitia sahihi kila ukurasa bila kusoma. Msichana alisema asante, akaondoka.

"Joy aliponiambia amechaguliwa, nilimwona yule msichana," alisema Wabuge. "Nilijua atakutana na mtu kama mimi. Sikutaka akutane naye."

Joy alikuwa akitazama chini. Mama Joy alimshika mkono.

"Kuna jambo lingine," alisema Wabuge. Akawaambia kuhusu saiba, na karatasi, na ombi lililotumwa jana.

Joy alinyanyua simu yake. Aliingia kwenye akaunti yake. Ombi lilikuwa pale, kwa jina lake, likisubiri kujibiwa. Aliiweka simu mezani. Machozi yalimtoka, lakini sauti yake ilikuwa tulivu.

"Baba, ungeniambia unaogopa, ningekusikiliza. Lakini umeandika kama wewe ni mimi."

Wabuge alisema, "Nimekosa, mwanangu." Mama Joy alisimulia baadaye kwamba katika miaka ishirini na mmoja ya ndoa yao, hakuwahi kumsikia akimwambia mtoto maneno hayo.

Christabel hakujua kama ombi la namna hiyo linaweza kuondolewa. Alisema wazi kwamba hajui, na kwamba ni heri kuuliza kuliko kubahatisha. Aliwashauri waende ofisi ya usajili ya chuo kesho asubuhi, wabebe kitambulisho cha Joy na matokeo yake, wasitumie mtu wa saiba tena. Joy alijaribu kuliondoa ombi kwenye simu, lakini kila mara ukurasa ulikwama.

Jumatatu Wabuge aliomba ruhusa kazini. Yeye na Joy walifika Kesses ofisi zikifunguliwa. Hawakuwa wamezungumza sana njiani. Walikuta foleni fupi. Mfanyakazi aliyewahudumia aliitwa Cyril, mtu mzima mwenye miwani. Wabuge alianza kueleza. Cyril alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Joy.

"Na wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nataka uhandisi wa mitambo," alisema Joy.

Cyril aliandika kwenye kompyuta. Alisubiri. Mtandao ulikuwa mzito siku hiyo, na ukurasa ulichukua muda kufunguka. Wabuge alikaa kwenye benchi, akivua kofia na kuivaa tena. Joy alisimama mbele ya dirisha bila kusogea.

Hatimaye Cyril alisema kwamba chuo kingine bado hakijalikubali ombi. Kama kingekuwa kimekubali, nafasi ya Joy hapa ingepewa mtu mwingine, na yeye asingekuwa na uwezo wa kuirudisha. Lakini bado. Mwenye akaunti anaweza kuliondoa mwenyewe. Aligeuza kibodi na skrini, akamwomba Joy aandike neno lake la siri bila mtu mwingine kutazama. Wabuge alisimama, akageukia ukuta.

Joy alibonyeza. Ukurasa ulizunguka, kisha ukaandika kwamba ombi limeondolewa. Cyril aliangalia skrini, akatikisa kichwa kukubali.

"Nafasi yako iko," alisema. "Uko kwenye orodha."

Joy alifunika uso kwa mikono miwili. Wabuge alikaa chini pale pale kwenye benchi kama mtu aliyetua gunia. Cyril aliwapa muda. Kisha alimwambia Joy abadilishe neno la siri siku hiyo hiyo, asiliandike kwenye daftari, na asimpe mtu yeyote. Hata mzazi. Akamwambia Wabuge kwa upole kwamba wazazi wengi hufanya alivyofanya yeye, wengine kwa hasira, wengine kwa mapenzi. Wengi hufika wakiwa wamechelewa.

Joy aliuliza kama kozi hiyo imetambuliwa na bodi ya wahandisi. Cyril alisema imetambuliwa, akamwonyesha jinsi ya kuthibitisha mwenyewe kwenye orodha ya bodi, asitegemee maneno ya mtu. Joy alithibitisha.

Walitoka nje. Jua lilikuwa limeanza kupasha nyasi. Wabuge alimuuliza binti yake kama amemsamehe. Joy alisema bado kidogo, lakini atamsamehe. Kisha akamuuliza kama wanaweza kunywa soda kabla ya kurudi. Walikunywa soda mbili kwenye kibanda, na Joy akampigia mama yake simu.

Wabuge hakuishia hapo. Katika ofisi ya kiwanda kulikuwa na faili la wanafunzi wa zamani. Alimwomba meneja ampigie Lorraine na kumuuliza kama angekubali kuzungumza naye. Lorraine alikubali. Siku hizi alikuwa injinia katika kiwanda kingine, mbali na Eldoret. Wabuge alijitambulisha, akamwomba msamaha kwa alivyomtendea. Hakutafuta visingizio.

Lorraine alisema kwamba mwaka ule ulimrudisha nyuma sana. Ilibidi aombe nafasi nyingine wakati wa likizo ili ajifunze alichokikosa.

"Nilijifunza kwingine, Mzee," alisema. "Lakini atakayekuja kwako sasa, asikose."

Wabuge alimwendea meneja tena. Alipendekeza ratiba ibandikwe ukutani, ili kila mwanafunzi apite kila sehemu ya kiwanda: roli, mikanda, mota na umeme. Chai ipikwe kwa zamu, na mafundi wa kudumu wawemo kwenye zamu hiyo. Meneja alikubali. Mafundi wawili walinung'unika wiki ya kwanza. Mwezi wa nane alikuja mwanafunzi aliyeitwa Diana. Siku ya tatu, Wabuge alizima mashine, akamkabidhi spana, akasimama kando yake huku roli zikifunguliwa. Diana alifunga nati moja kinyume. Wabuge alimwonyesha, naye akaifunga upya. Hakuna aliyecheka.

Mwishoni mwa mwezi huo, wanafunzi wapya waliitwa chuoni. Familia nzima ilimsindikiza Joy. Wabuge alibeba godoro, Mama Joy akabeba ndoo na blanketi. Kwenye uwanja wa usajili kulikuwa na bango la kila kozi, na chini ya kila bango foleni. Walisimama kwenye foleni ya uhandisi wa mitambo. Wabuge aliwahesabu wasichana waliokuwa mbele yao kimyakimya, akafika kumi na mmoja, akaacha kuhesabu.

Mbele yao alisimama mwanamke wa makamo, mwenye mkoba mkubwa. Wabuge alimsalimu kama mzazi mwenzake. Alimuuliza kama naye amemleta mtoto.

"Mtoto yuko shuleni, Kidato cha Pili," alisema mwanamke. "Mimi ndiye nimejileta."

Aliitwa Marion, kutoka Turbo. Kwa miaka kumi alikuwa akishona nguo kwenye kiwanda cha sare, na mara nyingi alirekebisha cherehani za wenzake. Alianza na kozi katika chuo cha ufundi kwa miaka kadhaa, akiendelea kufanya kazi, mpaka akafuzu kuingia chuo kikuu. Wabuge alimwomba radhi kwa kumdhania mzazi. Marion alisema hata mlinzi wa langoni alimwelekeza upande wa wazazi. Mama Joy alicheka mpaka akaweka ndoo chini, na Marion akacheka naye.

Marion na Joy waligundua kwamba wamepangwa bweni moja. Walipomaliza kusajiliwa, waliondoka pamoja kwenda kuchukua funguo. Joy alirudi mbio mara moja kuchukua godoro, Marion akimfuata. Alimkumbatia mama yake, kisha baba yake, na baba yake alimshikilia kidogo zaidi ya ilivyo kawaida yake.

"Ukipata shida, uniambie," alisema Wabuge. "Mimi pia, nikiogopa, nitakuambia."

"Sawa, Baba," alisema Joy.

Marion alishika upande mmoja wa godoro, Joy akashika upande wa pili. Mama Joy aliwatazama mpaka wakapinda kwenye kona ya jengo, kisha akamuuliza mume wake kama ana njaa. Wabuge alisema ana njaa sana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kusema hivyo, na wakaenda kutafuta chakula.